Shairi Lililoitiwa Kikao

Mimi ni fundi wa mizani. Nina karakana ndogo Themi, natengeneza mizani za kahawa, za mahindi, za nyama, na mara nyingine zile kubwa za mnadani zinazopima ng'ombe mzima. Shule niliishia darasa la saba. Ushairi nilijifunza mwenyewe nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu siku moja nilisikia redioni kwamba washairi nao wana mizani, nikataka kujua wao wanapima nini. Nilinunua kitabu kilichotumika kwa wauza vitabu wa barabarani, nikakisoma mpaka kikaachia uzi. Kisha nikatafuta kingine.

Baada ya miaka nikawa na utaratibu wangu. Shairi likija mbele yangu nauliza: nani anasema? Anamwambia nani? Amesimama wapi? Anataka nini? Nikishajibu, nauliza swali moja zaidi ambalo sikulikuta kwenye vitabu: ni kitu gani humu ndani kingeweza kunionyesha kwamba nimekosea? Hilo nimelichukua kutoka kazini. Mizani ambayo hujaijaribu kwa jiwe unalolijua uzito wake ni pambo tu, hata kama inang'aa.

Utaratibu huu nimeutumia kwa raha zangu, jioni, nikiwa Olasiti nyumbani. Mara moja tu nimeutumia mbele ya watu, uchumba wa mtu ukiwa umetegemea jibu.

Ilikuwa Oktoba, mvua za vuli zimeanza mapema kwetu. Dada yangu alinipigia simu. Yeye ni mkubwa kwangu, anaishi juu mlimani, upande wa barabara iendayo Momela, kwenye migomba na kahawa aliyoachiwa na marehemu mume wake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayesoma mashairi?"

"Nasoma."

"Njoo Jumamosi. Mkwe ametutumia shairi."

"Ametutumia sisi?"

"Amemtumia mtoto. Mtoto kaliweka kwenye status. Status inaonwa na ukoo mzima. Sasa kama si letu, ni la nani?"

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, binti yake wa pili, mwalimu wa kemia katika sekondari moja hapa mjini. Mchumba wake ni bwana mifugo, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, ambaye serikali ilimpangia kazi Mpanda. Mwaka ule walikuwa wameonana mara chache sana. Uchumba ulikuwa umeshashikwa: mshenga alikuja, blanketi la mama wa binti lilitolewa, mbuzi aliletwa. Mahari ilikuwa bado. Ilipangwa wakae kuizungumza baada ya Krismasi.

Nikamuuliza dada shairi linasema nini.

"Linavunja," akasema. "Baba mkubwa ameshalisikia. Anasema turudishe blanketi kabla hawajaja kulidai. Ni heshima zaidi."

Kisha akanisomea mistari yenyewe. Hapo nikaelewa kilichokuwa kimetokea. Kwetu maneno ya ndoa hayasemwi wazi. Mshenga anakuja anasema wamepotelewa na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na nyayo zimeishia kwenye uwanja huu. Wenye nyumba wanajibu kwamba mtamba wamemwona, ila bado anakunywa maji. Hakuna anayetaja binti, hakuna anayetaja ndoa, na kila mtu anaelewa mpaka mwisho. Watu wa kwetu wamesikiliza lugha ya namna hiyo tangu utotoni na ni hodari kwayo. Sasa kijana aliyekwisha kuleta mshenga ameandika maneno ya mafumbo kuhusu lango na miiba. Wameyasikiliza kwa masikio yale yale. Wameyachukua kuwa ujumbe wa ukoo kwa ukoo, na ujumbe wa ukoo hujibiwa na kikao.

Jumamosi nilifika saa nane mchana. Sebuleni walikuwa wanne. Dada yangu. Baba mkubwa, yaani kaka wa marehemu, mzee wa kanisa, ambaye ndiye msemaji wa nyumba ile tangu ndugu yake alipofariki. Shangazi wa binti, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Na mpwa wangu, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, simu mapajani. Blanketi lilikuwa kwenye kochi, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake wa zipu, kama abiria anayesubiri kuondoka.

Tuliomba, tukapewa chai. Kisha baba mkubwa akamwambia binti asome.

Alisoma kama anavyosoma hatua za jaribio la maabara, bila kupandisha wala kushusha:

Usiongee.
Weka simu dirishani,
niisikie mvua yenu kwenye mabati.
Huku mawingu yanapita
kama wageni wenye haraka.
Jioni nimesimama langoni,
nimehesabu waliorudi,
tawi la miiba liko mkononi.
Nifunge?
Mtandao unakatika,
nakusikia nusu,
nusu nyingine naijaza mwenyewe.
Usiseme unakuja.
Niache nisimame.

Baba mkubwa alivua kofia, akaiweka gotini. "Rudia pale langoni."

"'Tawi la miiba liko mkononi. Nifunge?'"

"Basi. Mtu ana miiba, anauliza afunge au asifunge. Mstaarabu, ameomba ruhusa. Tumpe."

"Shemeji," nikasema, "ngoja kidogo."

"Ningoje nini, fundi? Neno la kwanza kabisa anamwambia mtoto wetu anyamaze. Mwishoni anamwambia asije. Mtu akikwambia nyamaza, usije, na huku ana miiba mkononi, unataka akupigie na tarumbeta?"

Shangazi alicheka mpaka kikombe kikatikisika. "Blanketi tutarudisha, sawa. Mbuzi je? Mbuzi tulishamla."

"Mbuzi aliliwa na pande zote mbili," baba mkubwa akasema. "Mbuzi hana kesi."

Dada yangu hakucheka. Alimtazama binti yake, binti akatazama simu. Nikaona kwamba hakuna aliyemuuliza yeye lolote. Ndivyo vikao vyetu vilivyo. Mwenye jambo huitwa ili asikie.

Niliomba ruhusa kuuliza maswali yangu, kwa mpangilio, na kila mmoja awe huru kunipinga. Baba mkubwa alisema, "Uliza, ila mvua ikizidi nitashindwa kushuka kwangu, kwa hiyo usitufanyie mahubiri."

Nilianza na neno la kwanza. Anasema usiongee. Je, mtu anayekuchoka hufanya nini na simu? Anaikata. Huyu anataka simu ibaki wazi, tena iwekwe dirishani, na asikilize mabati yakipigwa na mvua bila neno lolote kusemwa. Kwa mtu wa Mpanda anayesubiri mvua, na vocha anaweka mwenyewe, hiyo ni anasa. Hakumnyamazisha ili amwondoe. Ameona maneno yao yamekuwa ya kuulizana umekula nini, umelala saa ngapi, akaomba kitu kingine badala yake: awepo pale nyumbani kwa muda.

"Na amesema 'mvua yenu'," nikaongeza. "Angeweza kusema mvua yako. Amesema yenu."

"Kumbe na sisi tumo," shangazi akasema.

"Mmo. Mmo wote chini ya bati hilo."

Baba mkubwa alikohoa. Niliona hakuchukia kuwa ndani ya shairi.

Kisha nikaenda langoni. Dada yangu alinikatiza. "Hapo ndipo uniambie," akasema. "Mimi najua miiba. Ukikuta tawi la miiba limelazwa njiani, mwenye shamba amekukataza kupita. Hata mtoto anajua."

"Hapa kwetu, ndiyo. Kule alikolelewa yeye, je?"

Nikawaeleza nilichokiona. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda upande wa magharibi wa mlima kutengeneza mizani ya mnada. Kazi ikichelewa nilikuwa nakaribishwa kulala kwenye boma la mwenyeji mmoja. Jioni ng'ombe wakirudi, mwenye boma anasimama pembeni ya lango anawaangalia wakiingia. Kufunga ni kazi ya mwisho: anavuta tawi kubwa la miiba, anaziba. Siku moja jioni tawi lilikuwa tayari mkononi mwake, na hakuziba. Mtamba mmoja alikuwa hajarudi. Kijana mmoja alitumwa kwenye korongo, chakula kikapoa, mwenyeji wangu akabaki amesimama na lile tawi hata nilipomwambia akae. Aliniambia, akikaa, lango halina mtu. Hakufunga mpaka mtamba aliposikika anakuja.

"Kwa hiyo," nikasema, "kwao miiba haimzuii aliye wao. Inamzuia fisi. Na hufungi wakati wako mmoja hayupo. Sasa tazameni kijana amesimama wapi. Amehesabu waliorudi. Tawi liko mkononi. Wangekuwa wamerudi wote, angefunga akaenda kula, na shairi lisingekuwepo. Ameuliza 'nifunge?' kwa sababu hawezi kufunga. Yuko mmoja hajaingia."

Shangazi akasema polepole, "Mtamba."

"Mimi sikutaja mtamba. Umetaja wewe."

"Aa, mshenga wao si ndiye aliyeanza habari za mtamba!" Akampiga baba mkubwa begani. "Kaka, tulikuwa tunamrudishia mtu blanketi naye bado yuko langoni!"

Baba mkubwa hakuyumba mapema hivyo, na nilimheshimu kwa hilo. Alinyanyua kidole. "Fundi, umesema vizuri. Lakini kama anamngoja, kwa nini anakataza asiseme anakuja? Mimi nikimngoja mtu, jambo la kwanza ninalotaka ni aniambie anakuja."

Swali hilo ndilo nililolifikiria tangu Alhamisi, dada aliponisomea lile shairi kwa simu. Nilimjibu kwa uhakika niliokuwa nao, na bado ninao. Mtu aliye langoni ukimwambia "nakuja", atakaa chini. Atakuwa ameshiba ahadi. Na ahadi inayotoka mbali ina desturi ya kusogezwa: ya Agosti inakwenda Oktoba, ya Oktoba inakwenda Krismasi. Hao wawili walikuwa wameshaahidiana mara nyingi, naye ameona anachopata ni maneno. Anasema usiniahidi tena, uje tu, au niache nisimame mpaka uje. Mistari miwili ya mwisho, kwa maoni yangu, ndiyo maneno makali zaidi ya mapenzi katika shairi zima, na hayana hata neno moja tamu.

Nje mvua ilikuwa ya kawaida, ya kulowesha majani tu.

"Lakini halina vina," baba mkubwa akasema, kama mtu anayetafuta hoja ya akiba.

"Halina. Wala mishororo haikulingana. Lingekuwa na vina kila mahali lingesikika kama limetulia. Huyu anaongea kwa mtandao unaokatika. Mistari inakatika naye."

"Basi kazi ya kutunga imekuwa rahisi siku hizi."

"Jaribu, kaka," shangazi akamwambia. "Mtungie mkeo."

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshinda, kama kikao ni cha kushinda; dada yangu alikuwa ameanza kusogeza blanketi pembeni apate nafasi ya kukaa vizuri. Lakini sikuwa nimeuliza swali langu la mwisho, na mtu asiyejaribu mizani yake mbele ya wateja hapaswi kuwatoza. Nikasema kwamba kuna mahali pamoja ambapo shairi linaniambia nisifurahi haraka.

"Wapi tena?" dada akashtuka.

"'Nakusikia nusu, nusu nyingine naijaza mwenyewe.' Huo si mstari wa kuvunja uchumba. Lakini ni mstari wa hatari. Mtu anakiri kwamba nusu ya msichana anayempenda ameitengeneza yeye. Kila simu inapokatika, yeye anaongezea. Anaweza kuwa anamngoja langoni mtu ambaye hayupo mahali popote, hapa wala Mpanda. Ninyi mliiogopa miiba. Mimi naogopa hapa."

Nilitegemea baba mkubwa aseme kitu. Aliyesema ni mpwa wangu.

"Mjomba," akasema, "huo ndio mstari ulioniudhi."

Sote tukageuka. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda.

"Miiba niliielewa. Nimefika kwao, nimeiona. Niliweka lile shairi kwenye status kwa sababu nilijivuna nalo. Sikujua mtaitana." Alimtazama baba mkubwa akapunguza sauti. "Samahani, baba. Lakini pale kwenye nusu nilisimama. Anasema ananijaza. Mimi nimekuwa mkali mwaka huu. Nimechoka, nina madarasa yenye wanafunzi wengi mno, jioni akinipigia namjibu kwa kifupi. Yeye hayo hayasikii. Anasikia mvua. Anajaza pale mtu mpole."

"Na wewe je?" shangazi akamuuliza. "Wewe humjazi?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Ni mwalimu wa kemia. "Namjaza," akasema. "Namweka pale mtu asiyelalamika."

"Basi mmejazana," shangazi akasema, na safari hii hakucheka.

Nikasema kile ambacho nilikiona kuwa mpaka wa kazi yangu. Shairi linaweza kutuambia anataka nini, na kwa hilo nimetoa neno langu: anamtaka, na hajafunga. Haliwezi kutuambia kama wakikaa nyumba moja watapatana. Hakuna mtu aliyewahi kulijua hilo kwa kusoma mistari, hata angeisoma kwa miaka.

"Nataka niende," mpwa wangu akasema.

"Wapi?" mama yake akauliza, ingawa alijua.

"Mpanda. Shule ikifunga Desemba. Kabla ya kukaa kuzungumza mahari. Nimwone asubuhi akienda kazini amekasirika, na yeye anione mimi. Akinitaka hivyo, waje. Asiponitaka, blanketi nitalirudisha mimi mwenyewe."

Sasa hapo ndipo kikao kilipokuwa kizito kweli. Binti hatangulii kwenda kwa mwanaume wakati mahari haijazungumzwa. Hakuna haja ya kulieleza hilo kwa mtu wa kwetu. Baba mkubwa alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Dada yangu alisema "haiwezekani" mara mbili, ya pili ikiwa na nguvu kidogo kuliko ya kwanza. Mimi niliwaachia. Katika mambo ya mahari mjomba ana kiti, hana rungu, na nilikuwa nimeshatumia muda mrefu.

"Huyo kijana ana dada?" baba mkubwa akauliza hatimaye.

"Anaye, baba. Anakaa naye hukohuko. Ni muuguzi."

"Utalala kwa dada yake. Si kwake. Kwa dada yake."

"Wanakaa nyumba moja, baba."

"Basi utalala chumba cha dada yake, na shangazi yako atalala mlangoni."

"Mimi?" shangazi akasema. "Mpanda? Unajua ni siku ngapi kwenye basi, na miguu hii?"

"Wewe ndiye uliyekula paja la yule mbuzi," baba mkubwa akamwambia. "Utakwenda."

Shangazi aliitazama miguu yake. Kisha akasema kama ni kwenda, basi anataka siti ya mbele, na asiambiwe habari za kulala mlangoni, yeye si mbwa. Ndivyo alivyokubali.

Baba mkubwa alitufungia kwa sala fupi. Hakutaja shairi ndani yake, lakini aliwaombea "walio mbali na wanaosimama", na nilifungua jicho moja kumtazama. Alikuwa amefumba yake yote. Kisha akaaga, akaondoka na shangazi chini ya mwavuli wa dada yangu, akisema ataurudisha kesho kanisani.

Tulibaki watatu tukiosha vikombe. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Sikumuuliza anaandika nini. Jibu la shairi ni la aliyeandikiwa, na mimi nilikuwa nimemaliza sehemu yangu. Nilijua nimelisoma vizuri. Nilijua pia kwamba kilichokuja baadaye hakikutoka kwangu. Yeye alishajua hatari iko wapi kabla sijapanda mlima, ila hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Dada yangu alikuwa akipangusa sahani moja ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Huko Mpanda," akasema, "ndizi zipo?"

"Zipo, mama," binti akajibu bila kuinua macho kwenye simu. "Ila si kama zetu."

"Najua si kama zetu. Nimeuliza kama zipo."

"Zipo."

"Haya." Aliweka sahani kabatini. "Maana shangazi yako asipokula ndizi siku mbili, anagombana na watu."